Hedseti za Bluetooth za kuongelea simu: maswali naulizwa kila siku hapa Langoni

Nna kibanda cha simu Langoni, Amu (Lamu kwa wageni), nauza kava, chaja, waya na hizi hedseti, na natengeneza kile nnachokiweza. Maswali ni yale yale, aja nahodha auliza, akitoka aja mama auliza lile lile, nikaona bora niyaandike mara moja, nikiulizwa namtumia mtu asome akiwa kwake. Nimeandika vile naongea, msinishike na sarufi. Na niseme mapema kabisa, mimi nauza vitu hivi lakini majibu mengine hapa yatakwambia usinunue, sasa usije dukani ukashangaa.

Hizi zote si hedseti tu? Tofauti iko wapi?

Kwa muziki tofauti si kubwa sana, kwa simu ni kubwa mno. Kuna ile ya sikio moja yenye kijiti kinachoelekea mdomoni, madereva wa malori ndio wanaipenda. Kuna ya shingoni, ule mpira unaokaa shingoni na viskio viwili vinaning'inia mbele. Kuna podi, vile viwili vilivyotengana vinavyokaa kwenye kikasha chake, na vijana wote wa mji ndivyo wanavyotaka. Na kuna zile kubwa za kufunika masikio yote mawili, ambazo kwa joto letu hili ukiivaa saa saba mchana utaivua mwenyewe bila kuambiwa.

Mtu akija akasema ataka ya kuongelea simu, mi namuuliza kitu kimoja tu, maiki yake iko wapi? Sauti yako ikishatoka mdomoni inapungua kila inapozidi kwenda mbali, na kelele za nje hazina habari hiyo, ziko pande zote, kwa hivyo maiki iliyo mbali na mdomo inakupata wewe kidogo na inaipata Amu nzima. Podi maiki yake iko huko sikioni. Ya shingoni maiki iko kwenye waya karibu na kidevu, au kwenye mpira wenyewe, na ikiwa kwenye mpira inasuguana na kola ya kanzu na yule wa upande wa pili anasikia khaa khaa khaa tu. Ya kijiti ndiyo maiki iko karibu na mdomo kuliko zote, na ndiyo sura mbaya kuliko zote, na ndiyo inayolala dukani kwangu miezi mpaka kikasha chapauka.

Mimi namsikia vizuri sana, lakini yeye asema mimi nasikika kama niko ndani ya mtungi. Kwani imeharibika?

Hili ndilo swali naulizwa zaidi ya yote na hapana, haijaharibika. Spika na maiki ni vitu viwili mbali mbali, hedseti yaweza kuwa na spika tamu mno na maiki ya takataka, na kwenye kikasha wanakusifia besi, wanakusifia saa ngapi inakaa na chaji, hawakwambii lolote kuhusu maiki. We wasikia spika yako, mwenzako asikia maiki yako. Mtu atembea na hedseti mwaka mzima ajiona mfalme kumbe kila anayempigia anavumilia.

Na kwetu hapa kuna upepo. Upepo si kelele ya kawaida kama redio ya jirani. Hewa yenyewe inaingia kwenye kitundu cha maiki na kukipiga kile kigozi cha ndani, sawa na mtu akipuliza maiki ya msikiti, fuuu, na hapo sauti yako inafunikwa hata ukipiga makelele. Kusi likishika, kuanzia kama mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, ukisimama gatini na podi sikioni we ni kama unaongea kutoka ndani ya tanga. Kaskazi ikija ni afadhali kidogo lakini si sana.

Dawa yake? Ingia kichochoroni. Nasema kweli, vichochoro vyetu na kuta zake ndefu vinakinga upepo kuliko teknolojia yoyote ya mchina, hatua kumi tu kutoka ufuoni na mwenzako atakwambia ah sasa nakusikia. Ukiwa huna pa kuingia, elekeza uso mahali ambapo sikio lenye hedseti liko upande usio na upepo, maana kichwa chako chenyewe ni ukuta. Za kijiti zingine zina kisponji cheusi kwenye maiki, watu wanakitoa waona chapendeza bila, jamani msikitoe, kile ndicho kinachovunja upepo.

Nitaijaribuje kabla sijanunua?

Piga simu. Simu ya kweli, mpigie mtu, toka nje ya duka langu usimame upande wa bahari, muulize yeye anasikiaje, usijiulize wewe. Usijaribu kwa kurekodi voisi ya WhatsApp, manake simu nyingi zikirekodi voisi zinatumia maiki ya simu yenyewe iliyo mkononi mwako, utajisikia safi, ununue, ukifika nyumbani uanze kunitukana.

Si ninunue ile iliyoandikwa ANC, inayoondoa kelele?

Haya hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. ANC inaondoa kelele kwenye sikio LAKO. Kuna vijimaiki kwa nje vinasikiliza ule mngurumo, alafu hedseti inatoa wimbi la sauti lililopinduliwa kinyume, mawili yakikutana yanauana, we wasikia kimya. Inafanya kazi vizuri kwa mngurumo wa mfululizo, kama injini ya boti au jenereta, kwa mtu anayepiga kelele hapo kando haifanyi sana. Lakini yule unayeongea naye haimsaidii kitu.

Ya kumsaidia yeye mara nyingi huandikwa ENC, na hiyo hutumia maiki mbili au zaidi, moja inachukua mdomo, nyingine inachukua kelele za nje, alafu programu ya ndani inatoa hii kwenye ile. Nzuri zipo. Ila hata hiyo ENC kuiandika kwenye kikasha ni bure, wino tu, ndio nikasema piga simu kwanza.

Nikisikiliza kaswida sauti ni tamu, simu ikiingia tu sauti yawa kama redio ya zamani. Kwa nini?

Kwa sababu Bluetooth ina njia mbili tofauti za kubeba sauti. Ya muziki ni ya upande mmoja, simu inatuma hedseti inapokea, kwa hivyo ina nafasi ya kutosha. Ya simu ni lazima sauti iende na irudi kwa wakati mmoja tena bila kuchelewa, kwa hivyo wameibana. Sauti hubebwa kwa kupimwa mara nyingi kila sekunde, mara zikiwa chache yawa mbovu. Muziki wa sidii unapimwa mara 44,100 kwa sekunde, njia ya simu ya zamani inapima mara 8,000 tu na ile iliyoboreshwa mara 16,000. Ndio mana hata hedseti ya elfu ishirini ukipokea simu sauti inashuka. Ukitaka ile ya 16,000 ni lazima simu iwe nayo na hedseti pia iwe nayo, moja ikikosa wote mnarudi kwenye ile mbovu. Si ugonjwa, usiilete kwa fundi.

Na kuna jingine dogo, ukiwa wasikiliza muziki alafu programu yoyote ikafungua maiki, mfano gemu za vijana za kuongea huku wanacheza, hedseti inahamia njia ya simu papo hapo na muziki wote unakuwa mbovu. Funga hiyo programu.

Inashika mpaka umbali gani?

Wanasema mita 10, na uwanjani pale Mkunguni pakiwa patupu mita 10 utapata, pengine zaidi. Nyumba zetu ni hadithi nyingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene namna ile, ukiacha simu kwenye chaji chini ukapanda juu darini na hedseti, inaanza kukatika kabla hujamaliza ngazi. Nyumba ya blok nyembamba au ya makuti haina shida hiyo. Wazee walijenga kuzuia joto wala hawakuwa na habari kwamba siku moja wajukuu watataka sauti ipite ukutani.

Mwili pia unazuia. Masafa ya Bluetooth ni gigahezi 2.4, na maji yanayameza, na mtu ni maji. Ukiweka simu mfuko wa nyuma kushoto na hedseti ya sikio moja iko kulia, sauti inakatika katika ukitembea na we uwaza ni mtandao. Hamisha simu mfuko wa upande ule ule wa hedseti, uone. Wateja wangapi nimewatibu kwa hilo tu bila kuuza kitu.

Mimi ni nahodha, navusha watu Mokowe, huko bara. Yanifaa?

Yafaa, kwa masharti. Mkono mmoja uko kwenye mashini, abiria wataka chenji ya nauli yao, na mwenye mzigo apiga simu auliza umefika wapi, kwa hivyo naelewa. Lakini sikio moja tu. Lile jingine liwe wazi usikie mashini ikibadilisha sauti, usikie boti inayokuja kwa nyuma, usikie abiria akisema mtoto ameegemea. Usivae ya kufunika masikio yote na wala usiwashe ANC ukiwa unaendesha, manake ule mngurumo inaoufuta ndio ule ule unaokwambia mashini iko sawa.

Podi kwa boti mi sikushauri. Wimbi moja, kichwa kinayumba, kile kidude kiko chini ya bahari na hakirudi. Ya shingoni ikitoka sikioni inabaki shingoni. Au ya kijiti yenye ndoano ya nyuma ya sikio. Na ukiwa katikati ya mlango wa bahari na maji yamechafuka usipokee hata kama una masikio ya bure, atapiga tena.

Imeanguka baharini, nimeitia kwenye mchele siku mbili, haiwaki.

Mchele wacha uliwe. Shida ya maji ya bahari ni chumvi, maji yakikauka chumvi inabaki, inashika unyevu wa hewa, inakula vile vyuma vidogo vya ndani taratibu, na mchele hautoi chumvi hata chembe. Cha kufanya ni hivi, ikitoka tu baharini izime, ioshe kwa maji baridi ya kunywa, ndio, ioshe tena kwa maji, isuuze ile chumvi itoke, alafu ikung'ute, iweke kivulini penye upepo siku mbili tatu, na usiichaji kabla haijakauka kabisa. Kuchaji ikiwa mbichi ndiko kunakoziua nyingi, si maji yenyewe. Hata hivyo sikuahidi kitu, ikipona sema alhamdulillahi.

Si iliandikwa haingii maji, IPX sijui ngapi?

Soma namba. IPX4 ni kurushiwa maji, jasho, manyunyu. IPX7 ni kuzama mpaka mita moja kwa nusu saa. Ile X manake hawakupima vumbi, haimaanishi vumbi na mchanga haviingii. Na vipimo hivyo vyote vinafanywa kwa maji matamu, kwenye chombo kimetulia, si kwa chumvi ya hapa. Kuogelea Shela na podi kwa sababu imeandikwa IPX7, hilo ni lako na Mola wako.

Nimeinunua, naiunganishaje na simu?

Ifinye kile kitufe cha kuwasha, usiachie, hesabu kama mpaka saba hivi, taa itaanza kupepesa nyekundu na buluu kwa kupokezana, hapo ndipo inatafutwa. Nyingi za podi unazitoa tu kwenye kikasha zinapepesa zenyewe. Ingia setingi za simu, Bluetooth, washa, subiri jina litokee, liguse. Ikiuliza namba ya siri jaribu 0000, ikikataa 1234, za kisasa haziulizi. Kosa la watu wengi ni kuifinya kidogo ikawaka na taa moja tu, alafu wanaitafuta kwenye simu hawaioni. Imewaka, lakini haijajitangaza.

Imeshika, muziki unatoka kwenye hedseti, lakini simu ikiingia naongea na simu yenyewe.

Rudi setingi za Bluetooth, gusa kile kigurudumu kando ya jina la hedseti, kwenye Android nyingi utaona swichi mbili, moja ya simu na moja ya muziki na video. Ya simu imezimwa. Iwashe. Kama ziko sawa zote basi ukiwa ndani ya simu angalia alama ya spika kwenye kioo, iguse, itakupa orodha ya kuchagua sauti itokee wapi, chagua hedseti. Na WhatsApp ni vivyo hivyo.

Nikiwa nyumbani simu ikilia sauti yaenda kwenye hedseti ya mtu mwingine, yawezekana?

Yawezekana kama uliwahi kuiunganisha na simu yako. Hedseti inakumbuka simu kadhaa zilizopita na ikiwashwa inaitafuta ya mwisho, na simu nayo inaipokea bila kukuuliza. Mteja wangu mmoja alimuazima mkewe podi zake wiki moja, akazichukua akaenda zake baraza, na kila akirudi nyumbani podi zinajishika kwenye simu ya mke, akapokea simu ya shoga ya mke bila kujua akasema "hallo" kwa sauti nzito ya kiume, bwana, ile nyumba ilikuwa na maelezo mengi usiku ule. Ukiazima hedseti, ikirudi ifute kwenye simu ya yule uliyemuazima, pale palipoandikwa sahau kifaa.

Naweza kuiweka kwenye simu mbili kwa pamoja?

Kama ina uwezo huo ndio, huitwa maltipointi, muuzaji akuoneshe si akwambie. Lakini kama simu yako moja ina laini mbili hilo halihitaji kitu, laini zote mbili zinaingia hedseti ile ile.

Vitufe vyake ni vya nini?

Hizi ndizo za kawaida, ingawa zako zaweza kutofautiana: finya mara moja wapokea au wakata, finya bila kuachia wakataa simu, finya mara mbili inapiga namba ya mwisho uliyoipigia. Hiyo ya mwisho ichunge. Kuna babu mmoja, mtu wa heshima zake, aliweka ya shingoni mfukoni mwa kanzu bila kuizima, akaenda kuswali, kila akisujudu kitufe kinafinywa na goti, simu inampigia shemeji yake. Shemeji apokea asikia subhana rabbiyal aala, akata. Yapigwa tena. Rakaa nne zote hivyo. Msikitini hedseti zima kabisa, kuweka simu sailenti hakutoshi, na zingine zinasoma namba ya anayepiga kwa sauti, kwa Kiingereza, sikioni mwako, imamu akiwa kwenye Fatiha.

Sisi wanawake tunazivaaje na mtandio na buibui?

Kwanza niwape heshima yenu, nyinyi ndio mlioanza habari hizi za mikono mitupu, kabla ya Bluetooth yoyote kufika hapa mama zetu walikuwa wanaichomeka simu ndani ya mtandio karibu na sikio na wanaendelea kukaanga mahamri. Ile ilikuwa na maiki karibu na mdomo na kitambaa kikikinga upepo, walahi hakuna hedseti ya bei rahisi inayoishinda.

Sasa kwa podi, kitambaa kikiwa kizito kinaziba kitundu cha maiki na kinasugua. Mtandio mwembamba hauna neno, tena wasaidia upepo. Ukivaa ninja ya kitambaa kinene, afadhali ya shingoni yenye maiki kwenye waya, huo waya uutoe uwe ndani mbele ya kidevu, usiubane na pini. Na podi za kugusa, zile zisizo na kitufe, mtandio ukiziegemea zinajipokea na kujikata zenyewe. Zima hiyo ya kugusa kwenye programu yake kama inayo, la sivyo chukua zenye kitufe cha kweli.

Watu waniona naongea peke yangu.

Wazoee. Mwanzo walikuwa wanasema ana jini, siku hizi wanaangalia sikio kwanza. Ila ukimsalimia mtu njiani ukiwa kwenye simu toa kiskio kimoja, kumuitikia mzee salamu macho yako yako mbali si adabu, na yeye hajui kama "waalaikum salam" ile ilikuwa yake au ya simu.

Nikiendesha gari au boda huko bara polisi atanishika?

Kisiwani gari ni za kuhesabu, lakini ukivuka Mokowe ukashika njia ya Hindi na Mpeketoni sheria ni ile ile ya Kenya nzima, dereva haruhusiwi kushika simu gari likitembea, na kwenye orodha ya faini ndogo ndogo za mwaka 2016 hilo ni shilingi 2,000. Hedseti inakuokoa na kushika. Haikuokoi na kuwaza. Shirika la Afya Duniani wanasema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali kama mara nne ya asiyetumia, na wanasema kuongea bila kushika si salama sana kuliko kushika, kwa sababu akili iko kwenye maneno si barabarani. Kama ni mambo ya kugombana na mtu kuhusu deni, egesha kwanza. Kwa boda nasema hivi, kofia ya chuma juu ya podi inaumiza sikio, na watu wa boda wakiona inaumiza wanavua kofia badala ya podi. Haya.

Mionzi yake haidhuru ubongo?

Hedseti inarusha kidogo mno ikilinganishwa na simu. Bluetooth ya hedseti nyingi haizidi miliwati 2.5, simu ya mtandao wa 2G ikiwa mbali na mnara yaweza kurusha mpaka wati 2, yaani mara mia nane. Kwa hivyo ukiwa huko Kiwayu mtandao ni nukta moja na simu inahangaika kutafuta mnara, kuiweka mfukoni na kuongelea hedseti ndiko kunakopunguza, si kunakoongeza. Hilo la mionzi silo linalonipa hofu.

Linalonipa hofu ni sauti kubwa. Kipimo cha Shirika la Afya ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ukizidisha sauti saa zinapungua haraka. Kwenye mashini ya boti mtu anaongeza sauti ashinde injini, na anazoea. Ukitoa hedseti jioni masikio yakawa yanalia wiii, ilikuwa juu. Na usiazimane vile vya kuingia ndani ya sikio, au vipanguse kwanza, nimeona viskio vimeletwa "havisikiki upande mmoja" na nilichotengeneza ni kutoa nta kwa pini.

Mwenzangu asema anajisikia mwenyewe, sauti yake inamrudia.

Sauti ya spika yako iko juu sana inavuja inaingia kwenye maiki yako. Punguza, au badilisha ule mpira wa sikioni uchukue saizi inayoziba vizuri.

Ina taipu C lakini nikitumia chaja mpya yenye waya wa C huku na huku haichaji. Imekufa?

Haijakufa, na nashukuru umeuliza, manake zimerudishwa kwangu nyingi namna hii. Hedseti nyingi za bei ya chini wameweka tundu la taipu C lakini wakaacha kuweka vile virizista viwili vidogo vinavyoiambia chaja "niko hapa, leta moto". Chaja ya C kwa C haitoi umeme mpaka iambiwe. Tumia chaja ya zamani yenye tundu pana la USB na waya wa pana kwenda C, itachaji papo hapo. Mchina ameokoa senti chache wewe umekosa usingizi.

Chaja kubwa haziunguzi hedseti kama chaja ni nzima, hedseti inachukua inachokitaka tu. Chaja mbovu ndiyo inayounguza.

Zamani ilikuwa inakaa siku nzima, sasa saa moja tu.

Betri imezeeka. Zile za podi ni ndogo, kama miliampia 30 mpaka 50 hivi, hazina akiba ya kuzeeka nayo. Kinachoziua haraka hapa ni joto, kuiacha juani kwenye ubao wa boti au kwenye dirisha, na kuiweka miezi ikiwa imeisha kabisa. Ukiiweka usiyoitumia iache na nusu ya chaji. Ya shingoni betri hubadilika kama inapatikana ya kuingia, naweza. Podi nyingi zimegundishwa, ukifungua umevunja, usiniletee.

Nina simu ya zamani, hedseti yaandikwa Bluetooth 5.3, itashika?

Itashika, ila zitaongea lugha ya yule mzee kati ya wawili.

Kwani Bluetooth ni jino gani hilo la buluu?

Mtoto wa madrasa ndiye aliyeniuliza hili. Kulikuwa na mfalme wa Denmark zaidi ya miaka elfu iliyopita, Harald, jina lake la utani Jino la Buluu, anasifiwa kwa kuwaunganisha watu wa Denmark na Norwei. Wahandisi wa Ericsson ya Swideni walianza kazi hii mwaka 1994, na mwaka 1998 kampuni kadhaa, kina Nokia, Intel, IBM na Toshiba, wakajiunga nao wakachukua jina lile. Ile alama yake ni herufi mbili za kale za huko zimeunganishwa, ya H na ya B.

Nimepoteza podi moja, wauza moja moja?

Siuzi, na hata nikipata ya aina ile ile mara nyingi haikubali kujuana na iliyobaki. Lakini usiitupe iliyobaki, nyingi zafanya kazi peke yake, itoe kwenye kikasha, uunganishe upya, una hedseti ya sikio moja. Kikasha kisipotee tu, bila hicho huna pa kuichaji.